Maji Yaliyobaki Mwanza

Mashimo mawili aliyachimba mama mkwe wangu kwa jembe lake mwenyewe, pembeni mwa shamba la pamba, chini ya mgunga tuliouacha kwa ajili ya kivuli. La kwanza alilipima kina kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. La pili akalipima kwa mkono uleule. Kisha akarudi kwenye la kwanza na kulitia udongo kidogo, maana aliona limezidi. Ndani akatandika khanga kuukuu.

Kwetu mtoto aliyechelewa kukaa au kusimama huwekwa kwenye shimo la namna hiyo. Udongo unamshika kiunoni, miguu inajifunza kukaza, na mama yake anaendelea kuchuma pamba. Si jambo la ajabu, hata mimi niliambiwa nilikaa shimoni. Lakini siku ile, nilipoyaona yamekaa sambamba, madogo, kingo zimechongwa vizuri, nilirudi nyuma hatua moja. Nikamwambia mama mkwe kwamba yanafanana na kitu ambacho sitaki kukitaja. Akasema kama sitaki kukitaja basi nisikitaje, akanyoosha mikono apewe watoto.

Walikuwa wasichana wawili, wametimiza mwaka na miezi kadhaa. Wa kwanza kuzaliwa tulimwita kulwa na wa pili doto, kama wanavyoitwa mapacha wote wa Usukumani. Majina yao ya ubatizo nayaacha. Ni yao, na hawajaniomba niyaandike.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Bariadi bado ilihesabiwa mkoa wa Shinyanga, chama cha ushirika kilikuwa kinakata roho, na kila mwenye mzani na turubai alijiita mnunuzi wa pamba. Mume wangu alikuwa karani wa ushirika. Alipoona mishahara hailipwi akaenda kuwa wakala wa mnunuzi mmoja huko Mwandoya, akawa anakuja nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumapili baada ya ibada. Mimi nilibaki na mama yake. Mama mkwe alikuwa mtu wa kanisa vilevile. Jumapili alisali, na kuanzia Jumatatu mambo ya nyumba aliyaendesha kama alivyoyakuta kwa wazee wake. Sikuona ubaya, maana nyumba ilikwenda.

Mimba yangu ya kwanza ilinikamata wakati wa palizi. Tumbo lilikua kwa namna isiyo ya kawaida, tumbo la juma hili siyo la juma lililopita. Nikawa silali chali, silali ubavu, napumua kwa kuomba. Mkunga wa zahanati alilipapasa kwa muda mrefu, akarudia kulipapasa. Aliniambia niende Mwanza bila kupitia nyumbani kubadili nguo. Mama mkwe alinisindikiza, tukapita njia ya Lamadi juu ya lori la magunia.

Daktari aliyenipokea alikuwa mwanamke wa makamo, Mtanzania, aliyesoma nje na kurudi na mashine ya kutazamia tumbo ambayo wenzake waliizunguka kama bibi arusi. Alinitazama humo kwa muda, akageuza kioo nione, nisione chochote ila giza na mavumbi. Ndipo akanieleza.

"Watoto wako wanakula sahani moja," alisema. "Mmoja anamlia mwenzake."

Kondo lao lilikuwa moja. Mmoja alikuwa anapata damu kupita kiasi, anavimba, anakojoa mno, na mkojo huo ndio maji yaliyonijaza tumbo. Mwingine alikuwa anakauka, amebanwa ukutani, hana hata tone la kujigeuzia. Alisema huko alikosoma walikuwa wameanza kuziba mishipa ya watoto wa namna hiyo kwa mwanga, ndani ya tumbo la mama. Hapa alikuwa na sindano. Akiyaacha maji, nitajifungua siku si nyingi na tutazika wote wawili. Akiyapunguza, huenda wakapata muda wa kukomaa.

Nilisema ayatoe. Mume wangu hakuwepo na mama mkwe hakuulizwa. Hilo silijutii, na nilieleze mapema, maana kuna watu hadi leo wanangoja nilijutie.

Sindano ilikuwa ndefu na haikuuma kama nilivyoogopa. Maji yalitoka yakajaza chupa, zikaletwa nyingine, nikaanza kuvuta pumzi mpaka chini kama mtu aliyeshushwa mzigo. Baada ya siku chache yalikuwa yamerudi, akayatoa tena. Kati ya sindano na sindano daktari alikaa kitandani kwangu na kuniambia jambo ambalo nimelibeba maisha yangu yote. Alisema hata wakizaliwa hai, safari haijaisha. Ubongo wa mmoja wao, au wa wote, huenda ulishaumia humo ndani kabla hata sijafika Mwanza, na mtoto wa namna hiyo anaweza kuzaliwa akalia vizuri, akanyonya vizuri, akanenepa, halafu baadaye sana ndipo inapoonekana. Nitazame wanavyoshika, wanavyokaa, wanavyosimama, wanavyosema. Wakifikisha mwaka niwalete.

"Lakini usiwalinganishe," alisema. "Mtazame kila mmoja peke yake. Mapacha wanafichana."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa anamsikiliza daktari, alikuwa anamtazama muuguzi anayebeba zile chupa. Akamwomba amtilie yale maji kwenye galoni letu, tuyapeleke nyumbani. Muuguzi alidhani anataniwa, akayamwaga kwenye sinki. Mama mkwe akasimama pale akisikiliza yanavyoshuka kwenye bomba.

"Haya ni maji ya mabasa, mayu," aliniambia. Mayu kwa Kisukuma ni mama, na mabasa ndio mapacha. "Yanamwagwa kwao, mlangoni. Sasa yamebaki kwa watu. Yatadai."

Nikamjibu kwamba daktari amesema ni mkojo, na sijapata kusikia mkojo unaodai. Nilicheka. Hakucheka.

Walizaliwa kabla ya wakati, lakini siyo mapema mno. Kulwa alitangulia, mnene, mwekundu, ana mashavu. Doto akafuata, mkavu kama michembe ya viazi, ngozi imelegea mapajani kana kwamba ilishonwa kwa ajili ya mtoto mwingine. Wote wawili walilia. Tulipofika nyumbani tulipokewa na maji ya dawa mlangoni na nyimbo za mapacha, zenye matusi ambayo wanawake wa kwetu huwatukana wazazi wa mabasa ili kuwaondolea balaa. Siwezi kuyaandika. Mzee wa kanisa alikuwepo, na alikuwa anayajua yote.

Kuanzia siku hiyo sheria ya nyumba ikawa moja, na mama mkwe ndiye aliyeishika. Mabasa hawapitani. Kulwa ndiye mkubwa, kwa hiyo kulwa ananyonya kwanza, anaogeshwa kwanza, anabebwa kwanza. Anachopewa mmoja na mwingine apewe. Mmoja asisifiwe mwingine akisikia. Ukimpitisha mmoja, mwenzake anachukia, na pacha akichukia hakai, anarudi alikotoka.

Sheria hiyo ilikutana na mitumba. Zamani nguo za duka la ushirika zilikuwa adimu, lakini zikija zilikuja robota zima zinafanana, nusu ya kijiji mkavaa ua moja. Sasa minadani nguo zilimwagwa chini kama mahindi, za kila rangi, na katika rundo lote hakuna mbili zilizo sawa. Mume wangu alipekua mitumba ya Mwandoya, ya Lalago, ya Bariadi mjini, akitafuta magauni mawili ya mtoto yanayofanana, wauzaji wakamzoea wakamwita Baba Mbilimbili. Mwisho nikachukua kitenge kimoja nikakikata katikati, nikashona kwa mkono.

Hofu yetu yote ilikuwa juu ya doto. Yule ndiye aliyekauka tumboni, yule ndiye tuliyemfunika mara mbili na kumpaka samli, na majirani walipokuja walimtazama haraka na kuhamisha macho. Mimi niliamka usiku nikaweka kiganja puani mwake. Kama maji yatadai, nilisema moyoni, yatamdai huyu. Kwa maana hiyo nilikuwa nimeshaanza kuyaamini, ingawa mdomoni nilikuwa bado nayacheka.

Kulwa alikuwa raha ya nyumba. Hakulia ovyo. Ukimlaza pale unamkuta palepale. Wageni walisema mtoto huyu ana adabu, mtoto huyu ni mkubwa kweli, na mama mkwe, ambaye hakupenda mmoja asifiwe, hapo alinyamaza akatabasamu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, ni msemo tunaousema kila siku, na katika nyumba ile hakuna aliyeukumbuka.

Nilipomwogesha kulwa ilinibidi nimfungue vidole kimoja kimoja. Dole gumba lilijificha ndani ya ngumi, na nilipoliachia lilirudi. Miguu yake nilipoiinua ilikaza na kupishana. Nilimwambia mama mkwe, akaanza kumkanda kila asubuhi kwa kitambaa cha maji moto, na kwa kuwa anachopewa mmoja mwingine apewe, akamkanda na doto. Doto alicheka na kumpiga mateke usoni. Haki yake nimpe: mikono ya yule mama ilikuwa na huruma, na aliwapenda wote wawili kwa kipimo kimoja. Shida ilikuwa kipimo chenyewe.

Basi ndivyo tulivyofika kwenye msimu wa kuchuma na mashimo mawili.

Siku ya kwanza kulwa alikaa shimoni alivyowekwa, kichwa kimeegemea ukingo, anatazama majani ya mgunga. Doto alikaa kidogo, akashika ukingo, akajivuta, akatoka. Akatambaa hadi kwenye rundo la pamba na kuanza kulila. Mama mkwe akaacha mstari wake, akamchukua, akamtoa pamba mdomoni, akamrudisha shimoni.

"Subiri mkubwa wako," akamwambia, kwa upole.

Akatoka tena, akarudishwa tena. Mwanzoni nilicheka, nikasema huyu aliyekauka ana damu ya mbuzi. Mama mkwe alikuwa anakuja bila kuchoka, bila hasira, na maneno yake ni yaleyale, subiri mkubwa wako, mpaka nikawa nayasikia hata nikiwa mbali kwenye mistari ya mwisho. Kabla pamba haijaisha, doto aliacha kutoka. Nilimwona kwa macho yangu. Aliweka mikono ukingoni, akageuza shingo akamtazama mwenzake, akaitoa mikono. Akakaa.

Mama mkwe alifurahi kwamba sasa wametulia. Mimi nilirudi kwenye mstari wangu, nikigeuka kumtazama.

Pamba ilipopungua niliwapeleka Mwanza kama nilivyoagizwa. Mama mkwe alikuja pia, maana mapacha wawili hawabebwi na mtu mmoja. Daktari alitandika mkeka sakafuni akawaweka juu yake na yeye akakaa chini, na viatu akavua. Alianza na kulwa. Alimkunja, akamnyoosha, akamgonga magoti, akampa kifuniko cha chupa ashike, akangoja, kifuniko kikaanguka. Alifanya hivyo kwa muda mrefu na uso wake haukubadilika, na hapo ndipo nilipojua.

Alisema kulwa ameumia kwenye ubongo kabla hajazaliwa. Mwili wake utakuwa mgumu. Kutembea, huenda, kwa kuchelewa na kwa msaada. Kusema, hajui. Nikamuuliza kama ni sindano. Alisema si sindano, sindano ndiyo sababu ya wao kuwa pale mkekani. Watu hudhani anayeumia ni yule mdogo aliyekauka, alisema, lakini yule aliyezidiwa na damu naye huumia, na hakuna ajuaye ni siku gani hasa. Nilimtazama kulwa, mashavu yake, utulivu wake ambao tuliuita adabu. Mwaka mzima nilikuwa nimelinda mlango mmoja, na mwizi aliingilia mwingine.

Kisha akamchukua doto. Mikono mizuri, macho mazuri, kifuniko akakinyakua na kukitia mdomoni. Akamsimamisha. Doto akakunja magoti akakaa. Akamsimamisha tena, akakaa tena, na kila mara kabla ya kukaa alimtazama dada yake. Daktari akasema haoni kwa nini mtoto huyu hasimami, miguu ina nguvu. Akaniuliza nyumbani anafanyaje.

Mama mkwe akawahi kujibu kwamba hawasimami, wote wawili, wapo sawa. Mimi nikasema kwamba doto alikuwa anatoka shimoni mwenyewe, mwanzoni. Daktari akauliza shimo gani, nami nikamweleza yote, hadi maneno ya subiri mkubwa wako. Alisikiliza. Akavaa viatu vyake taratibu.

"Mtoe huyu kwenye shimo," alisema. "Huyu hakuumizwa na maji. Msimuumize nyinyi."

Safari ya kurudi tulikuwa tumekaa kwenye basi kila mmoja na mtoto wake. Tulipopita Mkula mama mkwe akasema, akitazama nje.

"Ukimwachia huyu apite, mayu, yule tutamzika. Na utakuwa umemzika wewe."

Hakuwa anatisha. Alisema kama mtu anayekueleza kwamba mto umejaa. Aliwahi kuzika watoto wake mwenyewe, nami sijazika hata mmoja, na hilo lilinizidi nguvu kuliko hoja yoyote. Jumamosi mume wangu alipokuja tulimweleza, mimi ya daktari, mama yake ya kwake. Mume wangu alikuwa mtu wa mizani, lakini siku ile alishindwa kupima. Alisema mama ana yake na daktari ana yake, akaondoka Jumapili mapema kuliko kawaida.

Basi nikaenda shambani nikalifukia shimo la doto kwa miguu. Kesho yake nilipotoka kisimani nilikuta limechimbwa upya, kina kilekile, khanga imekung'utwa na kutandikwa. Nikalifukia tena. Likachimbwa tena. Hatukugombana wala kutukanana, tulikula ugali sahani moja na kupishana njiani na majembe yetu. Vita hiyo ilimalizwa na pamba yenyewe kwisha.

Lakini ndani ya doto shimo lilikuwa limeshachimbwa. Nilikuja kugundua mchana mmoja, nimekaa jikoni napembua mchele. Kulwa alikuwa amelala kwenye mkeka uani. Doto akamwangalia usoni kwa makini. Alipoona amelala, akashika kinu, akasimama. Akaachia kinu. Akatembea hadi kwenye jiwe la kusagia, akaligusa, akageuka, akarudi, hatua safi, bila kuyumba, miguu ambayo si ya mtoto anayeanza bali ya mtoto aliyezoea. Kulwa alipojigeuza usingizini, doto alikaa chini hapohapo. Nililia kwa furaha na kwa hofu, sikujua ipi ni ipi.

Jumapili iliyofuata nilifanya kiburi. Kanisani, kulwa akiwa macho mgongoni mwa bibi yake, nilimweka doto chini, nikakaa mbali kidogo na kumwita. Watu waligeuka kumtazama. Alisita, alimtafuta dada yake kwa macho, kisha akaja. Kwaya nzima ikapiga vigelegele. Nilikuwa nimewaonyesha, nilikuwa nimeinua kichwa mbele ya wote waliosema sindano itanirudishia vilema.

Keshoye kulwa alishikwa na degedege. Mwili ulikakamaa, macho yakageuka, povu likatoka, ikakoma, ikarudi. Daktari aliniambia baadaye kwamba watoto walioumia ubongo mara nyingi hupata hivyo, ingekuja tu, leo au kesho. Lakini siku ile hapakuwa na daktari. Palikuwa na mama mkwe amempakata kulwa, na wanawake waliojaa uani, na kila aliyeingia alisimuliwa mlangoni: doto alitembea kanisani, alimpita mkubwa wake. Hawakusema kwa ubaya. Walisema kama watu wanaoeleza chanzo cha moto. Na doto alikuwa amekaa chini ya mtungi, mtoto ambaye bado hajui kusema, ametoa macho, anasikiliza.

Kulwa hakufa. Lakini degedege ilikuwa inamrudia, na kila iliporudi doto alikaa chini.

Miaka ilikwenda hivyo. Doto alitembea, maana mtoto hawezi kukaa chini milele, lakini hakukimbia kamwe. Njiani hakutangulia. Maneno aliyoyajua aliniambia sikioni, nje ya nyumba, na mbele ya dada yake alitoa sauti zilezile anazozitoa dada yake. Kulwa naye alikua, akajua kucheka, akajua kututambua kwa hatua zetu, akajua kukaa akiegemezwa. Doto alipopata nguvu akawa anambeba mgongoni. Hapo tu ndipo nilipomwona akienda bila woga, karibu kukimbia, maana hapo walifika pamoja.

Wakafikia umri wa shule. Siku hizo vyeti vya kuzaliwa kijijini vilikuwa hadithi, na mwalimu alipima umri kwa mkono: mtoto anaupitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, akishika sikio la kushoto ameiva, asiposhika arudi mwakani. Mama mkwe alisema waende wote au asiende mtu. Tuliwapeleka wote. Mkono wa kulwa haukuinuka. Doto aliupitisha wake juu ya kichwa, vidole vikashuka kwenye nywele, vikasimama. Mwalimu akasema bado.

Mwaka uliofuata nilikwenda na doto peke yake. Nyumbani niliaga kwamba tunakwenda mnadani. Njia nzima nilikuwa nawaza maneno mawili yaliyogombana kichwani, la daktari, kila mmoja peke yake, na la mama mkwe, utakuwa umemzika wewe. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua lipi ni la kweli, na bado niligeuka mara mbili nikitaka kurudi. Kama kulwa angeshikwa siku ile na asiamke, ningeishije na ukweli wangu?

Mwalimu alikuwa kijana mpole, ameshachoka kupima. Akamwambia doto anyooshe. Mkono ukapita juu ya kichwa, ukashuka, ukasimama palepale pa mwaka jana, kidole cha kati kikiwa kwenye nywele, sikio likiwa chini yake, karibu sana. Mkono ule nilikuwa naujua. Nilishauona nyuma ya nyumba ukijikuna shingoni kwa njia hiyohiyo.

"Shika, mwanangu," nilimwambia.

"Mkubwa bado," akasema.

Alisema wazi, kwa sauti yake mwenyewe, mbele ya mtu mgeni. Mwalimu hakuelewa. Mimi nilimpigia magoti pale vumbini, nikauchukua ule mkono na kuushusha mpaka sikioni, nikaukandamiza na wa kwangu juu yake. Sikio lilikuwa la moto. Hakunipinga. Machozi yalimtoka kimya, kama mtu mzima anayemsindikiza marehemu. Mwalimu akasema haya, huyu ameiva.

Tulipitia mnadani, nikanunua sare, tukarudi. Sare ilikuwa kwenye mfuko wangu, imefunikwa na mboga za mnadani. Nilikuwa naomba nisifike, na nilikuwa naenda mbio. Uani tulimkuta kulwa kwenye mkeka wake, mzima, akacheka alipotusikia. Nikakaa juu ya kinu. Mama mkwe alikuwa anapepeta mtama. Hakuniuliza mimi. Alimtazama doto, akamtazama tena, akamuuliza kama mkono umefika sikioni, maana yule mama hakudanganyika kwa habari za mnada.

"Haujafika, bibi," doto akasema.

Akakaa mkekani karibu na dada yake, akamshika vidole, akaanza kumfungua kimoja kimoja. Mama mkwe akautazama mfuko wangu, akashusha macho, akaendelea kupepeta. Miaka yote ile niliitafuta akili ya mtoto huyu, nikihesabu anavyoshika na anavyosema, nikiogopa kwamba ilimwagwa kwenye sinki la Mwanza. Ilikuwa imekaa mbele yangu, imeona sisi sote tunachoogopa, na imechagua uongo wa kutuvusha.

Shuleni kila mwanafunzi alitakiwa kuja na maji. Kila asubuhi doto alichukua galoni lake dogo, akainama kwa dada yake akamwambia anakwenda kuchota maji, akaenda na kuvaa sare nyuma ya boma la ng'ombe. Mchana alipitia kisimani akarudi na galoni limejaa, hata siku za jua la kuua. Hakulitua jikoni. Alilitua mlangoni, akachota kikombe, akampa mkubwa wake anywe kwanza.